Nyasi Ambazo Sikuzikata

Huberta mwanangu,

Shangazi yako ameshakuambia habari za blanketi, za kutoazimisha sahani, za kusali kabla ya kulala, na za wavulana. Mimi sina la kuongeza hapo. Anajua kuliko mimi, na sauti yake inafika mbali. Hata jirani yetu Otmari kule ng'ambo ya migomba nadhani leo ameonywa vya kutosha kuhusu wavulana.

Kesho asubuhi unaondoka. Jua bado lipo, nami nimekaa nje ya jiko na daftari lako la zamani, ninaandika kwa sababu nikikaa mbele yako mdomo wangu utakwenda kule ulikozoea kwenda. Mdomo huu umezoea vibaya. Kwa miaka mingi sasa unasema jambo moja, kwa maneno yaleyale, na watu wanaitikia kwa kichwa.

Juma lililopita ulitusomea ile insha uliyoombea nafasi ya chuo, ile uliyoambiwa utaisoma mbele ya wenzako siku za kwanza. Ulisimama penye kinu, karatasi umeishika kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo. Ulisoma: "Mama yangu aliuawa na mabadiliko ya tabianchi. Baba yangu ni shahidi." Shangazi yako alilia. Mimi niliinuka nikaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Ulifikiri ni majonzi, ukanifuata na kunishika bega. Mwanangu, kilikuwa kichefuchefu.

Sitaki ukayasome maneno hayo mbele za watu kabla hujajua yalikotoka.

Kwanza nikuambie lililo kweli, nisionekane nimehamia upande wa binamu yako Gerodi anayekutumia kwenye simu maneno ya watu wasioamini kitu. Joto ni kweli. Nilipokuwa darasa la tatu, mwezi wa sita tulikwenda shule na kopo la makaa. Tulilitoboa ubavuni, tukalifunga waya, tukalizungusha hewani njia nzima ili moto usife, na mwalimu alituruhusu kuliweka chini ya dawati. Leo ukimwonyesha mtoto wa hapa Mbuji kopo lile hatajua lilikuwa la nini. Kahawa inatoa maua wakati tawi hilohilo lina matunda mekundu. Mbu tulikuwa tunawasikia kwa watu wa ziwani tu. Haya umeyaona mwenyewe, na mengine utayasoma huko uendako kwa vipimo ambavyo mimi sivijui. Yashike. Sikutoi huko.

Lakini mwaka ule ulipokuwa bweni, mvua zilipochelewa, zikaja kidogo na kukatika, sisi hapa tulianza mikutano. Tulikutana kwenye ghala la kahawa, wanaume wengi, wanawake wachache. Ningependa kukuambia ilikuwa mikutano ya hekima. Ilikuwa mikutano ya watu wanaopenda kusikika.

"Mbu nao wamechoka kukaa ziwani," alisema Mzee Kosmas. "Wamepanda Haisi ya abiria, wamekuja kutusalimia."

Tulicheka. Akaendelea, "Koti langu nimerithi kwa baba. Mwaka huu nimelitundika msumarini. Sasa niambieni, nani ameifukuza baridi ya Umatengo?"

"Wazungu," alidakia mwenye lori mmoja. "Wamechoma mpaka mbingu imetoboka, halafu wanatuletea sisi semina."

"Wewe ungenyamaza, lori lako linatoa moshi kama tanuri la matofali!"

"Mvua imefungwa," mama mmoja alisema kwa sauti ya chini. Kila mtu akatazama sakafu, kwa sababu kila mtu alikuwa na jirani yake kichwani wa kumshuku uchawi. Wengine wakadai ni dhambi za vijana. Bwana shamba alisimama akaeleza jinsi dunia inavyopata joto, na alieleza vizuri, mpaka mimi wa darasa la saba nikaelewa. Alipofika mahali pa kusema mashamba ya mteremkoni yatunzwe vipi, watu walikuwa wamekwisha simama, wanakung'uta suruali.

Nami niliipenda mikutano ile, Huberta. Hilo ndilo la kwanza linalonitia kinyaa. Nilijifunza kusema "tabianchi" kabla ya wenzangu, nikawa nalisema hata pale ambapo "jua kali" lingetosha. Niliporudi nyumbani, mama yako alikuwa na neno moja tu la kunisubiri.

"Nyasi, Baba Huberta."

Wewe umekulia bweni zaidi kuliko shambani, kwa hiyo niandike wazi. Kwenye ngoro, kilimo chetu cha mashimo, mwanamume ndiye anayeanza. Anafyeka nyasi, anazilaza mistari ya kwenda na ya kukatiza, mpaka mteremko mzima unakuwa kama dirisha la nondo. Ndipo mwanamke anachimba udongo katikati ya kila chumba na kuzifunika zile nyasi. Panapobaki shimo, maji ya mvua yanakaa humo, yanazama polepole, hayakimbii. Maharage yanapandwa juu ya kingo. Bila nyasi za mume, jembe la mke halina pa kuanzia. Mama yako angeweza kulima peke yake mlima mzima, lakini kufyeka ilikuwa kazi yangu, na yeye hakuwa mtu wa kuniaibisha kwa majirani kwa kushika fyekeo.

"Nyasi. Maharage yanachelewa."

"Kesho."

"Kesho ya lini?"

"Nina kikao."

"Kikao cha nini tena?"

"Cha mvua."

Alinitazama, mkono kiunoni. "Na mvua imetuma mjumbe?"

Nilicheka, na yeye akacheka. Ndivyo alivyokuwa, hata akiwa na hasira alikuachia mlango wazi. Lakini nyasi zilibaki zimesimama. Mwaka ule zilikuwa zimekauka kabla ya wakati wake kwa sababu ya ukame, na siku moja nilichukua kiberiti. Mteremko wote wa juu ya banda la nguruwe ukawaka mchana mmoja. Nilimwambia apige matuta ya kushuka, moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kazi ya siku chache badala ya majuma.

Alisimama kwenye majivu, peku kama kawaida yake, akaugusa udongo kwa kisigino. "Unayatengenezea maji barabara," alisema.

"Maji gani? Mvua yenyewe iko wapi? Hukumsikia bwana shamba? Dunia imebadilika."

Soma hapo tena, mwanangu. Dunia imebadilika. Maneno ya kweli kabisa. Niliyachukua kwa mtu aliyeyasema kwa nia njema, nikayatumia kumnyamazisha mke wangu ili nisifanye kazi yangu. Na lau ningekuwa na akili hata ya kutosha kijiko, ningejua kwamba mvua ikiwa chache ndipo shimo linapohitajika zaidi, lishike hicho kidogo.

Alipiga matuta. Kuna jambo moja dogo sijawahi kumwambia mtu. Kila mwaka alipomaliza ngoro alikuwa na mchezo wake: alipanda juu ya ukingo wa shimo la mwisho, akanyoosha mikono kama msichana anayevuka kijito juu ya gogo, akatembea kingo zote mpaka mpakani bila kukanyaga chini. Akidondoka alianza upya. Mwaka ule alipomaliza aliweka jembe begani akashuka nyumbani.

Mvua ilikuja mwezi wa nne, asubuhi, tulipokuwa tumekwisha kuikatia tamaa. Haikuja kama mvua za huku zinavyokuja, na ukungu kwanza, kisha rasharasha. Ilianguka yote kwa pamoja. Mimi nilikuwa ghalani, kikaoni. Bati liliponguruma tulipiga makofi. Tulipiga makofi, Huberta. Mzee Kosmas alitoka akasimama uwanjani, kofia mkononi, analowa huku anacheka, nami nikaona fahari kana kwamba kikao chetu ndicho kilichoileta. Tulikuwa bado tunapongezana Otmari alipoingia, matope hadi kifuani, akanishika mkono akanivuta nje.

Mama yako alikuwa ameteremka kumfungulia nguruwe, maji yalipoanza kuingia bandani. Matuta yangu yaliyaleta maji yote mahali pamoja, na maji yakauleta mteremko. Nguruwe tulimkuta amesimama juu ya tope, mzima, ananusa. Mama yako alikuwa chini ya tope hilo, karibu na mlango wa banda. Tulichimba kwa mikono kwa sababu tuliogopa jembe. Udongo ulikuwa na vipande vya mkaa wa nyasi.

Nilipoinua macho niliona shamba la Otmari. Mvua ileile, mteremko uleule, mpaka wetu ni safu ya migomba tu. Mashimo yake yote yalikuwa yamejaa maji, yametulia. Udongo wake ulikuwa palepale alipouacha mkewe.

Msibani wakauliza watu watakula nini, mtu mmoja akamtaja nguruwe, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilikula. Wewe ulifika siku ile na sare ya shule, ukakaa pembeni yangu, na mimi nilikuwa natafuna.

Kisha ukaniuliza, "Baba, imekuwaje?" Nikakujibu, "Ni mvua, mwanangu. Mvua za siku hizi si za kawaida." Hilo ndilo jibu la kwanza. Mengine yote yalizaliwa humo.

Mkutano uliofuata nilisimama. Sikuwa nimepanga. Mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa anarudia kwamba habari za joto ni uongo wa kutafutia misaada, nami nikasema, "Mke wangu amezikwa. Huo nao ni uongo?" Nani angembishia mfiwa? Upande mmoja ulishinda siku ile, na ulishinda kwa maiti ya mama yako. Walinipa mikono. Mwenyekiti aliandika jina langu kwenye orodha ya mashahidi. Bwana shamba peke yake alinitazama kwa muda, na nadhani alikuwa ameliona shamba, lakini alikuwa kijana na mimi nilikuwa nimefiwa.

Baadaye wakaja watu wa semina za tabianchi. Sitawataja, na sisemi walikuwa wabaya. Kijana mmoja mwenye kamera alinisimamisha mbele ya lile kovu la mlima. "Baba, tazama juu kidogo. Usitabasamu. Sema tena pale uliposema hukuwa na la kufanya." Nikasema tena. Sikuwa nimesema hivyo mwanzo, lakini alipolitamka niliona linakaa vizuri mdomoni. Walinipa fulana na kofia. Fulana ile ndiyo uliyokuwa unalalia likizo, na kila nilipokuona nayo niligeuza uso.

Wakanipeleka hata Mbamba Bay, kule ziwani, kuzungumza ukumbini mbele ya watu wa mwambao. Nilisema yangu, nikapigiwa makofi. Baada yangu alisimama mama mmoja anayekausha dagaa, kanga kiunoni, mikono ina magamba. Alisema ziwa lilipanda likachukua nyumba yake. Kisha akasema, "Lakini na sisi miti ya ufukweni tuliikata wenyewe, ya kukaushia samaki. Mimi nilikata. Liandikeni na hilo." Aliyeongoza kikao akasema, "Asante sana mama, tutalirudia." Hawakulirudia.

Wakati wa chai alikuja kukaa karibu nami. "Shikamoo, mtani wa milimani."

"Marahaba. Pole kwa nyumba."

"Pole na wewe kwa mwenzako." Alinywa chai yake. "Ninyi huko juu mna roho nzuri. Kila mwaka mnatuletea matope yenu hadi ziwani, bila nauli."

Watu wa meza ile walicheka, nami nikacheka. Yeye hakuwa anacheka sana. Akaniuliza, "Huko kwenu si mnalima yale mashimo? Yako yalikuwaje?"

Nikamwambia yalizidiwa. Nilimdanganya mwanamke aliyekuwa ametoka kusema kosa lake mbele ya ukumbi mzima, nikiwa na kikombe cha chai alichonitilia sukari mkononi. Nikarudi milimani nikiwa nimejichukia hata nikaomba dereva asimame, nikashuka, nikasimama kando ya barabara. Abiria walidhani kona za barabara zimenitia kichefuchefu.

Unaona basi ni nini kinachonichukiza. Wanaosema hakuna joto wananichukiza, kwa sababu nimezunguka na kopo la makaa na ninajua. Na wanaolitaja joto kila wanaposhindwa kufagia uwanja wao wananichukiza zaidi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wao. Mlima uliozibwa njia zake za maji, mfereji uliojaa takataka, msitu uliouzwa, siku hizi vyote vinaitwa tabianchi, na aliyefanya anakaa safu ya mbele na kofia mpya. Sijui huko chuoni wanafundishaje. Natumaini wanafundisha na hili.

Utaniuliza, lau ningefyeka nyasi, mvua ile isingeua? Sijui. Nimelala na swali hilo kitanda kimoja. Ilikuwa mvua ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona, na Otmari mwenyewe anasema ingeendelea hadi jioni mashimo yake nayo yangepasuka. Labda. Ila haikuendelea, na yake hayakupasuka. Joto lilileta mvua. Barabara niliitengeneza mimi. Hilo ndilo ninaloweza kusema bila kupunguza na bila kuongeza, na limenichukua miaka yote hii kulisema kwa ufupi hivyo.

Juzi nilikwenda kwa Otmari. Alikuwa ananoa fyekeo. Nikamwambia, "Huberta ameandika." Hakuuliza ameandika nini. Alijaribu makali kwa kidole gumba, akasema, "Ndugu yangu, mimi sijasema, na sitasema. Si mdomo wangu. Lakini mtoto anakwenda kuapa kwa jina lako."

Insha ni yako. Ukiichana, sawa. Ukiisoma na kuongeza yaliyo humu, sawa vilevile, na usilifiche jina langu. Ukiona huwezi kusoma chochote, waambie wakupe jambo lingine. Ila nenda. Usije ukakataa masomo kwa sababu baba yako alikuwa mvivu na mwongo. Masomo hayana kosa, na joto halikungoja mimi niseme kweli ndipo liwe kweli. Mimi Jumamosi nimeomba nafasi ghalani. Nitasema mbele ya Mzee Kosmas, na yule mnunuzi, na atacheka, na atasema, "Si niliwaambia?" Hilo nitalimeza. Kisha nitawauliza ni mashamba mangapi yaliyopigwa matuta ya kushuka mwaka huu, maana nimeyaona, na mengine yapo juu ya nyumba za watu.

Msamaha sikuombi leo. Ni kitu kikubwa, na mtu anayesafiri asipewe mzigo wa kuamua haraka.

Nilikusudia kukupa barua hii kituoni, gari likiwa limeshawaka, uisome ukifika. Nimeona huo ni ujanja uleule, wa mtu anayepanga kuwa mbali tope likishuka. Kwa hiyo nakuita sasa, kabla jua halijazama. Keti hapa mbele yangu uisome hadi mwisho. Uliza unalotaka kuuliza. Sitaangalia juu.

Baba yako